Siku Tisini Zisizotimia

Basi la kutoka Nairobi lilisimama kwenye kizuizi cha daraja la Garissa saa saba mchana, mwezi wa pili mwaka 1996, na abiria wote wakateremka vitambulisho vikiwa mkononi. Jua lilikuwa utosini. Wanawake waliuza maziwa ya ngamia katika madumu ya manjano, makondakta walifokeana, na mbuzi waliofungwa juu ya paa la basi walilalamika kuliko watu. Foleni ilikwenda vizuri mpaka askari mmoja alipoona kifurushi kirefu cha turubai kando ya mbuzi hao.

"Hii ya nani?"

"Yangu," akajibu msichana mmoja.

Aliitwa Idman. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwembamba, amevaa gauni jepesi la dirac, la zambarau, na shali ya manjano iliyokataa kukaa kichwani kwa ajili ya upepo wa mto. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya uhandisi Nairobi, na mama yake alikuwa akimsubiri Garissa mjini.

Askari akafungua turubai. Ndani mlikuwa na fito nyeusi, nyembamba, ndefu kuliko mtu. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mitutu ya bunduki!"

"Si mitutu, afande. Ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi."

"Mimi nakuuliza bunduki, wewe unaniambia nyuzi na gundi?"

Watu wakacheka, lakini askari hakucheka. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma cha basi alipotoka kwenye mstari wa wanaume. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, ila vidole vilikuwa na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni.

"Afande, samahani. Mtutu una tundu. Tazama hapa mwishoni, kuna tundu?" Akauinua ufito mmoja kwa kidole kimoja, akashtuka mwenyewe kwa wepesi wake. "Huu ni ufito wa kuvutia maji kisimani. Mimi ni fundi wa pampu ya upepo kule Griftu. Ninazijua fito kama unavyozijua bunduki."

Askari aliugonga, akaupinda, akaunusa, kisha akachoka. "Haya, fungeni. Nendeni."

Walipokuwa wakikaza kamba juu ya paa, Idman alimtazama yule kijana. "Ahsante, kaka. Ulijuaje kuwa ni fito za pampu?"

"Sikujua," akasema. "Nilibahatisha. Nimetoka Nairobi kutafuta fito, nimekosa. Sasa kila kitu kirefu nakiona ni ufito. Naitwa Golicha."

"Basi umebahatisha sawasawa, Fundi Golicha. Ni za pampu kweli, nazipeleka ofisi ya maji ya Garissa."

Golicha alikaza fundo la mwisho. Halafu akasema polepole, "Dada, tunaweza kunywa chai?"

Hotelini, karibu na soko, waliletewa chai ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi, na Golicha akaeleza shida yake. Maji ya Griftu yalikuwa ya chumvi. Fito za chuma zililiwa na kutu, zikakatika na kutumbukia kisimani, mara tatu katika mwaka mmoja. Kila zilipokatika, watu walikwenda na mifugo kisima cha mbali, na ukame ulikuwa umeanza.

"Hizi haziliwi na chumvi?"

"Kaboni hailiwi," Idman akasema. "Tatizo ni pale nyuzi zinapokutana na gundi. Uzi wa kaboni ni laini sana, gundi haina pa kushika. Mimi nafanya kazi ya kuupa uzi ngozi ya mkwaruzo. Naweka chembe za silika, unga wa mchanga, ndogo mno. Ukizipanga elfu moja hazifikii unene wa unywele wako."

"Unywele wangu mimi? Mbona umeutazama hivyo?"

"Fundi, sikiliza masomo!"

"Nasikiliza. Mama yangu husuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mizizi, kisha huvifukiza moshi. Bila masizi, maziwa yanavuja. Kwa hiyo wewe na mama mnafanya kazi moja."

Idman alimwangalia. Profesa wake alikuwa amehitaji mihadhara miwili kuelewa jambo lilo hilo.

"Zipeleke Griftu," Golicha akasema, sauti imeshuka. "Ofisi ya maji ya hapa wataziweka ghalani. Griftu zitafanya kazi. Ila niambie kitu kimoja tu, Daktari. Umezijaribu ndani ya maji ya chumvi?"

"Ndiyo. Siku tisini."

Lilimtoka bila kukwama, kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa katika tasnifu yake. Lakini halikuwa kweli. Vipande vyake vilikaa katika maji moto ya chumvi siku thelathini na moja. Siku ya thelathini na mbili wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, umeme wa maabara ukazimwa. Chuo kilipofunguliwa, muda wa udhamini wake ulikuwa unakwisha. Idman alichukua rula, akauendeleza mstari wa grafu ulivyokuwa ukielekea, akaandika nambari za siku zilizobaki. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri. Hakuna aliyeuliza.

"Siku tisini," Golicha alirudia kwa heshima. "Mashallah."

*

Fito zilifungwa Griftu mwezi wa tatu. Idman alikaa huko wiki mbili nyumbani kwa Rahmo, muuguzi wa zahanati, na kila asubuhi alivaa viatu vya raba na kwenda pampuni. Pampu ilipozungushwa na upepo kwa mara ya kwanza, maji yalitoka kwa nguvu ambayo watu hawakuizoea, maana fito zilikuwa nyepesi na upepo mdogo ulitosha. Ngamia walisukumana. Mzee Olow, mwenyekiti wa kamati ya maji, alilowesha ndevu zake na kusema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Binti, Mungu akubariki. Fitu hii ni ya ajabu."

Golicha alikuwa juu ya mnara. "Daktari! Wamekusifu wewe tu. Aliyefunga nati je?"

"Wewe shuka kwanza, usije ukaanguka nikakosa wa kumsifu!"

Aliposhuka, alikuwa na uso uliojaa vumbi na meno meupe. Idman alichukua pembe ya shali yake akataka kumfuta, akakumbuka watu, akampa ashike mwenyewe. Kuanzia siku hiyo Golicha hakuirudisha ile shali, na Idman hakuidai.

Aliporudi Nairobi, mapenzi yao yakawa ya simu. Kila Ijumaa baada ya swala Golicha alipanda lori kwenda Wajir, akapanga foleni posta. Simu ya bweni la wasichana ilikuwa ukutani, chini ya ngazi.

"Hallo? Nipe Daktari Idman."

"Hapa hakuna daktari, kuna mwanafunzi mwenye njaa."

"Macaanto, mtamu wangu, umekula nini?"

"Sukuma wiki. Na huko?"

"Huku tumekula upepo. Lakini maji yapo. Idman, watu wa vijiji vingine wanakuja kutazama fito zako. Nawaambia, zimelowekwa siku tisini!"

"Golicha, usiseme hivyo kwa watu."

"Kwa nini? Unaona haya kusifiwa?"

"Naona haya, ndiyo."

Alicheka, akadhani ni madaha. "Basi vumilia. Mwezi wa saba wazee wangu wanakuja kwa mama yako. Wao ni Waborana wa maneno machache, lakini wakishasema wamesema."

"Mama atawauliza unasali wapi, unafanya kazi gani, na utamweka mwanawe wapi."

"Watamwambia: anasali msikitini, anafanya kazi juu ya mnara, atamweka mwanawe machoni."

*

Mwishoni mwa mwezi wa sita, mchana, upepo ukivuma vizuri, ufito wa tatu kutoka juu ulipasuka. Ulichanika kwa urefu kama muwa uliotafunwa, na zote zilizokuwa chini yake zikatumbukia kisimani pamoja na pampu yenyewe. Ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Mabwawa yalikuwa yamekauka. Watu wa Griftu waliwaswaga mifugo kwenda kisima cha mbali, na ng'ombe waliokuwa dhaifu hawakufika. Wa Mzee Olow walikufa njiani mmoja baada ya mwingine.

Golicha hakusubiri Ijumaa.

"Idman, zimekatika." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kamati inakaa kesho. Wanasema nimezifunga vibaya. Wewe ndiye unayejua. Niambie, nimekosea wapi?"

Chini ya ngazi wasichana wawili walikuwa wakisubiri zamu ya simu. Tasnifu ya Idman ilikuwa mezani kwa watahini. Alifungua mdomo kusema kweli, na alijua kabisa maneno yenyewe, yalikuwa machache.

"Golicha," akasema, "nati ulizikaza kwa kipimo gani?"

Sauti ya Golicha ilirudi imepungua.

"Kwa kile ulichonionyesha. Nadhani. Siku ile upepo ulikuwa mwingi..."

"Ukizidisha kidogo, zinapasuka."

"Kumbe," Golicha akasema. "Kumbe ni mkono wangu."

Kesho yake alisimama mbele ya kamati akasema kosa ni lake. Walimfukuza kazi. Idman naye, mama yake alipompigia kuuliza habari za fito ambazo mji mzima ulizizungumza, alijibu kwa haraka, "Ni fundi, mama. Alikaza nati vibaya." Alisema hivyo mara moja tu. Ilitosha.

Wazee wa Golicha walikuwa wameshatoa neno na hawakuwa watu wa kuvunja ahadi. Walifika Garissa mwezi wa saba, watatu, wamevaa vilemba safi. Sharifo, mama yake Idman, aliyeuza nguo sokoni na hakuogopa mtu, aliwapokea mlangoni bila kuwakaribisha ndani.

"Mtu aliyeshindwa kukaza nati atakazaje nyumba?" akawauliza. "Amemharibia mwanangu kazi, sasa anamtaka na mwenyewe?"

Wazee waligeuka na majirani wakiwatazama.

Idman aliisikia habari hiyo kwa simu. Alisema, "Sawa, mama," akaweka mkono wa simu mahali pake, akakaa kwenye ngazi ya kwanza.

Ijumaa zilipita bila simu. Alijiambia Golicha amekasirika, na hasira yake ni haki. Kisha, katikati ya mwezi wa nane, ikafika barua. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa kubwa.

"Idman mpenzi, salaam. Sijakupigia kwa sababu sijui nikuambie nini. Ulifanya kazi miaka miwili, mimi nikaivunja kwa spana. Watu wanasema fito za yule msichana ni takataka, na ni mimi niliyekuletea maneno hayo. Mama yako ana haki. Nimekuaibisha. Kama unaweza, nisamehe. Usinijibu, nitaona haya kuisoma."

Aliisoma mara moja. Hakuweza kuirudia. Mtu ambaye yeye Idman alimharibia jina alikuwa anamwomba msamaha, na kwa adabu.

*

Asubuhi ile ile Idman aliingia maabara akatengeneza vipande vipya kwa njia ile ile ya mwanzo, akavitia katika maji ya chumvi, akawasha moto. Safari hii alihesabu siku kwa kalamu ukutani. Siku ya thelathini na moja vilikuwa imara, kama vile vya kwanza. Siku ya hamsini na nane cha kwanza kilipasuka mkononi mwake. Alikiweka chini ya hadubini. Maji yalikuwa yamejipenyeza kati ya uzi na gundi. Nyuzi zilikuwa tupu, safi, kama mifupa iliyolambwa. Na zile chembe za silika alizojivunia zilikuwa zimejikusanya mafungu mafungu kama mbuzi wanaogombea kivuli kimoja, zikaacha sehemu kubwa ya uzi bila chochote.

Ule mstari ulionyooka wa rula haukuwepo. Mstari wa kweli ulianguka kama ukingo wa shimo.

Alikwenda kwa profesa na kipande kile na daftari lile. Alisema yote akiwa amesimama. Profesa, mtu mpole aliyekuwa karibu na kustaafu, alivua miwani.

"Kwa nini hukuniambia jaribio lilikatika chuo kilipofungwa? Ningekuombea muda."

"Niliona haya kuomba."

"Na sasa?"

"Sasa naona haya zaidi."

Tasnifu iliondolewa. Udhamini ulikoma. Aliruhusiwa kuanza upya kwa gharama yake, na alianza, akifundisha hesabu za jioni shule moja ya Eastleigh. Alijifunza kuzitawanya chembe kwanza ndani ya spiriti, kuzitikisa mpaka zinaachana, kisha kuzilaza juu ya uzi kabla gundi haijafika. Vipande hivyo vilimaliza siku tisini zote vikiwa vimepoteza sehemu moja tu kati ya tano ya nguvu zao. Hakushangilia. Alipanda basi.

*

Griftu alifika mwezi wa tatu, 1997. Kamati ilikaa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Idman alisimama mbele ya ubao, amevaa nguo nyeusi isiyo na pambo.

"Fundi Golicha hakukosea," akasema. "Nati zilikuwa sawa. Mimi niliwaambia fito zilikaa majini siku tisini. Zilikaa thelathini na moja. Siku zilizobaki niliziandika kwa uongo. Alipoulizwa, mimi nilijua, nikanyamaza."

Hakuna aliyepiga kelele; angependa wapige. Rahmo, aliyemlaza nyumbani kwake wiki mbili, alitazama sakafu. Mzee Olow aliiegemeza fimbo yake kwenye dawati.

"Binti," akasema, "ng'ombe yangu ilikufa. Hiyo ni ya Mungu, naweza kufumilia. Lakini sisi tumemfukuza mtu hana makosa. Watoto yetu wamemwita mwizi barabarani. Kwa nini umetufanya sisi kuwa watu mbaya?"

Idman alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ila hilo. Alilia mbele yao, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Siku ile ile kamati ilipeleka ujumbe kwa redio ya ofisi ya maji, Garissa, kwamba jina la Golicha ni safi na arudi kazini akipenda.

Golicha wakati huo alikuwa akitengeneza pampu za dizeli katika mashamba ya ndizi kando ya mto Tana, nje kidogo ya mji. Idman alimkuta amelala chini ya injini. Aliona miguu kwanza.

"Golicha."

Miguu ilitulia. Akatoka, amekonda, akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Nimesikia ujumbe," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Fito naweza kukusamehe, Idman. Mtu anaweza kukosea kwa fito. Lakini ile simu. Nilikuuliza nimekosea wapi, ukanipa kosa. Nililibeba nikalala nalo miezi tisa. Nilikuwa naamka nakaza nati hewani, hivi, natafuta mahali mkono wangu ulipozidi."

"Sina la kujitetea."

"Najua huna." Alitazama maji ya mto, mekundu kwa udongo. "Na wazee wangu. Yule mkubwa ni kaka wa baba yangu. Alirudishwa mlangoni kama mwombaji. Mama yako anajua?"

Idman aliinamisha kichwa.

"Kumbe hujamwambia," Golicha akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Umekwenda mpaka Griftu kwa watu usiowajua, mama yako mwenyewe hujamwambia! Nenda, Idman. Mimi siwezi kuwaomba wazee wale wapite tena njia ile."

Akarudi chini ya injini.

Sharifo alikuwa akikunja vitambaa dukani Idman alipomwambia yote. Alikunja kimoja, kisha kingine, na cha tatu akakiweka chini.

"Mimi niliwaambia maneno yale mbele ya majirani," akasema. "Wazee wenye vilemba."

"Niliyatia mimi mdomoni mwako, hooyo, mama yangu."

"Ndiyo. Lakini mdomo ni wangu." Aliinuka, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo watu wa soko walikuwa hawajaliona tangu mumewe afe. "Nionyeshe alipo."

Walikwenda kwa miguu, mama mbele, binti nyuma. Walipofika kwenye mashamba Idman alibaki barabarani, juani, akashindwa kusogea. Aliona kwa mbali mama yake akipita kati ya migomba, akisimama mbele ya Golicha, akisema. Aliona mama akianza kuinama, na Golicha akimdaka mikono kabla magoti hayajafika chini.

"La, hooyo, la! Usinifanyie hivyo."

"Wazee wako wanakaa wapi?" Sharifo akauliza. "Niliwarudisha kwa mdomo wangu. Nitakwenda kuwaomba radhi kwa miguu yangu, hata kama ni Griftu, hata kama watanifungia mlango. Wakikataa, watakuwa na haki. Lakini wewe usimhukumu kwa sababu yangu. Mhukumu kwa yake mwenyewe."

Golicha akamwachia mikono. "Yuko wapi?"

"Pale barabarani. Hawezi kuja."

Alinawa mikono kwenye mfereji. Akapita kati ya migomba mpaka barabarani, akasimama hatua mbili mbele ya Idman. Kijasho kilikuwa kimemjaa msichana juu ya mdomo, na macho yake yalikuwa chini, kwenye vumbi.

"Kwa nini umesimama juani?"

"Naona haya."

"Ya leo au ya siku zote?"

"Sidhani kama itakwisha, Golicha."

Alifikiri juu ya jibu hilo, na lilimridhisha kuliko kiapo.

"Na mimi naona haya," akasema. "Nilikupenda hata nilipokuwa siwezi kukutazama. Njoo basi. Tuone haya wote wawili, lakini kivulini."